Matplotlib na mihimili miwili: ufunguo ulionitia aibu mbele ya wavuvi

Sina maneno matamu kuhusu Matplotlib, programu ya kuchora grafu kwa lugha ya kompyuta ya Python, angalau si kwa sasa. Kwa grafu moja moja sina ugomvi nayo, lakini anayetaka kuunganisha grafu mbili katika picha moja, ya kwanza ikisomwa kwa mhimili wa kushoto na ya pili kwa mhimili wa kulia, na ajue kwamba itamharibia kazi bila kumwambia lolote.

Mimi huweka hesabu za kikundi cha wavuvi hapa Malindi. Wanachama walitaka kuona pamoja kilo za samaki wanaopimwa kila mwezi na bei ya kilo moja, maana hakuna asiyejua kwamba kusi ikishika, tangu Aprili hadi karibu Septemba, ngalawa hazithubutu kuvuka mwamba, samaki huadimika na bei hupanda. Kilo huenda kwa maelfu na bei kwa mamia ya shilingi, kwa hiyo ukizitia katika mhimili mmoja, mstari wa bei hulala chini kabisa. Hapo ndipo amri ya twinx inapohitajika: hutandika eneo la pili la kuchorea juu ya lile la kwanza, yote mawili yakatumia miezi ileile, ila la pili likapewa namba zake upande wa kulia. Nguzo za buluu zilisimama, mstari mwekundu ukapita juu yake, na kwa muda mfupi niliipenda programu hii kwa moyo wangu wote.

Kisha nikaagiza ufunguo, yaani maelezo ya pembeni yanayosema kila rangi au alama ya grafu ni ya nini. Amri ya legend ilinipa kijisanduku chenye neno moja tu, Kilo, na bei haikutajwa popote. Python hii hii, ambayo ukisahau mabano hukumwagia lawama skrini nzima, safari hii haikutoa hata onyo. Kumbe kila eneo la kuchorea hushika ufunguo wake na halina habari na mwenzake. Nilipoagiza na ule wa pili, vijisanduku vyote viwili vilichagua kona moja, kimoja kikafunika kingine. Nilipovitenganisha, mstari mwekundu ulipita juu ya kile cha kwanza na kulikata neno Kilo katikati, kwa sababu eneo la pili huchorwa mwisho na hufunika kila kilichomo katika la kwanza, ufunguo wake ukiwemo.

Mkutano ulikuwa hausubiri. Nikachapisha picha ilivyokuwa kwenye kibanda cha fotokopi, kwa wino mweusi, maana wa rangi ni ghali, na mweka hazina akaishika karatasi mbali na macho yake kama mtu aliyeokota kitu kinachonuka. "Mstari huu hauna jina," alisema mbele ya wote. "Au hukutaka tuujue?" Watu wakacheka. Sijasahau kicheko kile, na ninapoandika haya natamani kuwauliza waliotengeneza programu hii kwa nini hata mfano wa mihimili miwili uliomo katika nyaraka zao hauna ufunguo: hupaka namba za upande mmoja nyekundu na za upande wa pili buluu, basi. Rangi hizo kwenye karatasi ya fotokopi ni kijivu na kijivu.

Haki lazima isemwe. John D. Hunter, mtafiti wa ubongo wa Marekani, aliitoa Matplotlib mwaka 2003 watu waitumie bure, na dawa ya ufunguo ipo: unakusanya alama na majina ya maeneo yote mawili, unayaunganisha, unaagiza ufunguo mmoja. Ni mistari michache ya msimbo. Nilikuwa tayari kusamehe na kuipa nyota nne.

Lakini mzee mmoja, kwa upole kabisa, alikuwa ameniuliza, "Mwanangu, mwezi huu mstari umepita juu ya nguzo, ndipo tulipopata faida?" Hapakuwa na faida wala hasara pale. Mstari hupita juu au chini ya nguzo kwa jinsi vipimo vilivyojipanga vyenyewe: nguzo zilianzia sifuri, ilhali mhimili wa bei ulianzia chini kidogo tu ya bei ndogo kabisa, kwa hiyo bei ikitoka shilingi 400 hadi 450 huonekana kama imepaa kutoka ardhini hadi darini. Ufunguo mzuri kiasi gani ungemjibu mzee huyo? Namba za kuanzia naweza kuzipanga kwa mkono, ndiyo, na hapo nitakuwa mimi ndiye ninayeamua mistari ikutane wapi, jambo ambalo mweka hazina akiligundua sitakaa salama.

Nyota nne nimeziondoa. Twinx naipa moja, na hiyo ni kwa sababu ya Hunter. Grafu za kikundi sasa ni mbili, kilo chini na bei juu, zikigawana miezi kwa sharex, kila moja na jina lake kwa herufi kubwa. Mweka hazina amelalamika kwamba zinamaliza karatasi.