Springi za mbele: tathmini yangu baada ya miezi 26

Springi ninazozieleza hapa nilizifunga mbele ya gari langu miezi 26 iliyopita, baada ya ile ya kulia iliyokuja na gari kukatika. Kilichonishtua wakati ule ni ukimya wake. Gari halikulala upande wala usukani haukuvuta. Nilisikia mlio mmoja tu, kama wa nondo iliyogongwa, nilipokuwa nikirudi nyuma, kisha mkwaruzo mdogo kila nilipokata kona. Fundi alipopiga jeki na kuvua tairi, tulikuta kipande chenye urefu wa kidole kimelala kwenye kikalio cha chini, na ncha iliyobaki, kali kama patasi, imeuelekea ubavu wa tairi.

Kipande hicho bado ninacho. Ukikitazama pale kilipokatikia, ukingoni pana doa la kutu dogo kuliko punje ya mtama, na eneo lote lililobaki ni la kijivu safi chenye chembechembe. Ufa ulianzia kwenye lile doa, ukatambaa kidogo kidogo, hadi chuma kilichosalia kikashindwa kubeba mzigo na kukatika mara moja. Springi nyingi hufa hivyo. Kila gari linapopanda na kushuka, waya wa springi husokotwa, na mkazo mkubwa kabisa huwa kwenye uso wa waya wenyewe. Kwa hiyo rangi ikibanduliwa na kokoto, maji yakaingia na kuchimba kishimo, kishimo hicho kinatosha kuzaa ufa hata kama waya wote uliobaki ni mzima. Pingili ya chini, yaani mzunguko wa mwisho wa waya, ndiyo huumia kwanza, kwa sababu mchanga na tope hunasa kati yake na kikalio na kuisugua kama msasa.

Ndiyo maana katika hizi mpya nilitazama rangi kabla ya kitu kingine chochote, na nimeridhika nusu. Pingili za juu na za kati hazina hata mchubuko. Ncha ya chini, hata hivyo, ambayo katika springi za awali ilivikwa mpira, hizi imeachwa wazi. Wiki iliyopita niliziosha na kuzimulika kwa tochi: upande wa kushoto rangi imetoka kwa upana wa ukucha, na kutu nyepesi imeanza. Kasoro hiyo ingezuiwa na kipande kifupi cha mpira, na inanisikitisha kwa sababu kazi iliyobaki imefanywa kwa uangalifu.

Unene wa waya, kwa mfano, ni milimita 12 kamili, sawa na wa awali. Jambo hili si dogo, kwani ugumu wa springi hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne: vipimo vingine vikibaki vilevile, waya wa milimita 12.5 ungeifanya springi iwe ngumu zaidi kwa takriban asilimia 18, na kila shimo ungelisikia mgongoni. Wiki moja baada ya kufungwa, urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulikuwa milimita 368. Leo ni 366, kulia na kushoto. Kwa gari linalobeba watu wanne karibu kila siku, huko si kulegea.

Zinauzwa mbili mbili, na ndivyo inavyostahili, kwa maana springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari lisimame kombo. Ufungaji mwachie fundi mwenye vibanio vizima. Springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua, na hilo nalisema kwa uzito wote. Sisi tulibadilisha pia beringi za juu za shokapu, kisha magurudumu yakapimwa upya.

Ile sehemu yenye kutu nimeikwangua, nikaipaka rangi ya kuzuia kutu na kuivika mpira niliokata mwenyewe. Kwa gari linalopita zaidi barabara kavu ningezinunua tena bila kusita. Kwa linaloshinda kwenye tope au karibu na maji ya chumvi, ningetafuta zile ambazo ncha yake ya chini imevikwa mpira tangu kiwandani.