Netwatch ya MikroTik kwenye waifai ya hosteli Maseno: uzoefu wangu

Mimi huuza waifai kwa hosteli za wanafunzi Maseno. Intaneti naipokea kwa antena kutoka Kisumu, inaingia kwenye hEX, ruta ndogo ya kampuni ya MikroTik, halafu naisambaza kwa antena ndogo zilizofungwa juu ya paa za wenye nyumba. Mtandao wa aina hii haufi wote kwa mpigo. Paa moja hupoteza stima, antena ya pili husogezwa na upepo, na mvua ya alasiri ikishuka na radi zake kuna kitu lazima kizime mahali. Usipokuwa na arifa, habari utaletewa na mwanafunzi kwa simu, "Omera, net iko?", na kufikia hapo wenzake wameshanunua bando za simu.

Kazi ya kuniarifu nimeipa Netwatch, zana inayopima kama kifaa bado kinajibu; imo ndani ya RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, na haina malipo ya mwezi. Inafanya kazi, na kwa mtandao wa ukubwa wangu sioni haja ya kununua kitu kingine. Lakini ukiiacha na mipangilio iliyokuja nayo kutoka Riga, Latvia, kwao MikroTik, itanyamaza net ikiwa mbovu, na siku nyingine itakupigia kelele mara kumi kwa jambo moja.

Kuanza hakuna ugumu. Unafungua Winbox, programu ya kompyuta ya kupangia ruta, unaingia Tools kisha Netwatch, unaandika anwani ya kifaa, kila baada ya muda gani kipimwe, na skripti mbili, yaani amri ambazo ruta itazifuata yenyewe: moja ya kifaa kikipotea, nyingine ya kikirudi. Ujumbe wenyewe naupokea kwa Telegram: unatengeneza boti (akaunti ya kutuma ujumbe yenyewe) kwa BotFather, boti ya Telegram ya kuundia boti nyingine, unapewa tokeni, yaani ufunguo wake, na ruta inatuma ujumbe kwa amri moja ya fetch. Nafasi kati ya maneno ya ujumbe iandikwe %20. Namba ya kundi la Telegram huanza na alama ya kutoa, usiiache nje.

Kinachowakwamisha wengi ni ruhusa. Netwatch huendesha skripti kwa ruhusa nne tu, yaani read, write, test na reboot. Ukiweka skripti yako kwenye System, Scripts, ukaiacha imetiwa tiki zote, Netwatch haitaigusa. Ukiibonyeza Run Script kwa mkono inatuma ujumbe vizuri kabisa, basi unaamini kazi imekwisha. Kifaa kikizima kweli, kimya. Ondoa tiki za ziada, au weka ile ya Don't Require Permissions.

Sasa twende kwenye vipimo, maana hapa ndipo pesa huponea. Aina ya simple huuliza jambo moja: kifaa kimejibu au hakikujibu? Kwa mteja anayetazama mpira hilo si swali. Antena iliyopinda kidogo hujibu, tena kwa uaminifu, huku ikipoteza theluthi ya paketi, yaani vipande vya data. Toleo la 7 la RouterOS lina aina ya icmp, ambayo hutuma paketi kadhaa kwa kila kipimo na kuangalia ngapi zimepotea na zimechukua muda gani kurudi. Nzuri sana, ila kiwango cha upotevu kimewekwa asilimia 85. Yaani mpaka paketi 85 kati ya 100 zipotee ndipo Netwatch iseme kuna shida! Kwa antena za paa hadi paa mimi nimekishusha hadi 20.

Muda wa wastani wa jibu nao umewekwa milisekunde 100, na huo una ubaya wa kinyume chake. Kutoka huku kwetu, seva iliyoko Ulaya haiwezi kujibu ndani ya muda huo hata net ikiwa safi, kwa hiyo ukiipima kwa icmp itaonekana imekufa siku zote. Pima kitu kilicho karibu. Mimi napima vitu vitatu kwa mfuatano: antena ya Kisumu, kisha lango (ruta ya kutokea) la anayeniuzia intaneti, kisha 1.1.1.1, seva ya Cloudflare iliyo nje kwenye intaneti. Ujumbe ukiingia najua tatizo liko hatua ipi kabla sijagusa kompyuta. Nyaya za chini ya bahari zilipokatika Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, mpangilio kama huu ndio ungekuonyesha kwamba paa zako na lango ni wazima, ubovu uko mbele. Huna haja ya kupanda ngazi kwa kosa lililoko baharini.

Kuhusu kelele: Netwatch haijui kwamba kifaa fulani kiko nyuma ya kingine. Antena kuu ikianguka, kila paa iliyo nyuma yake hutuma ujumbe wake, na simu inalia kama kengele ya shule. Dawa yake ni ndogo. Mwanzoni mwa skripti ya kupotea weka delay (kusubiri) ya sekunde 90, kisha pingi antena kuu kwanza, yaani itumie paketi uone kama inajibu. Kama hiyo haijibu, skripti ya paa inyamaze. Kama inajibu, pingi kifaa chenyewe tena, na utume ujumbe endapo bado kimepotea. Kukatika kwa dakika nusu wakati wa radi hakuniamshi tena, na sitaki kuniamshe.

Kasoro kubwa haitibiki ndani ya ruta. Ruta ikikosa intaneti, ujumbe wa kusema imekosa intaneti utapitia wapi? Netwatch itakuambia net imerudi, jambo ambalo wateja wameshalijua. Kwa hilo natumia Healthchecks.io, huduma ya nje ya ruta ambayo ni bure hadi vipimo 20. Ruta inaigongea mlango kila dakika 5 kupitia Scheduler, ratiba iliyo ndani yake, na isipogonga, wao ndio wanaonitafuta. (Hawa nao ni Walatvia, kama MikroTik, kama Zabbix, programu nyingine ya kuchunga mitandao. Nchi ndogo vile!) Pia Netwatch ya toleo la 7 husubiri dakika 5 baada ya ruta kuwaka ndipo ianze kupima, kwa hiyo stima ikirudi usishangae ikikaa kimya kidogo. Muda huo unapunguzwa kwenye startup-delay.

Usitegemee Telegram peke yake pia. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilibanwa nchini Kenya wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Skripti yangu sasa hutuma na barua pepe kwa mistari miwili ya ziada, na barua hiyo nimeipa mlio wake kwenye simu.

Kilichonifurahisha bila kukitarajia ni stima. hEX yangu (RB750Gr3) inakubali umeme wa volti 8 hadi 30, kwa hiyo nimeiunga kwenye betri ya volti 12 yenye chaja, na ruta yenyewe inapima volti zinazoingia. Chaja ikifanya kazi inasoma zaidi ya 13. Ikishuka chini ya 12.8 najua stima imepotea, na betri bado ina nguvu ya kutosha kunitumia habari. Skripti za toleo la 6 za kusoma volti hazifanyi kazi kwenye la 7 kwa sababu orodha ya System Health imepangwa upya, basi usinakili tu. Mama mwenye nyumba nikimpigia kuuliza, "Mama, stima imepotea hapo?" huniuliza nimejuaje na mimi niko Kondele, Kisumu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama ingejua kifaa kipi kiko nyuma ya kipi bila mimi kuiandikia. Mwenye paa nyingi kuliko zangu aangalie The Dude, programu ya kuchunga vifaa vingi, ya MikroTik vilevile na ya bure, au Zabbix kama ana seva ya kuiweka.

Halafu tokeni ya boti: inakaa ndani ya skripti bila kufichwa, na yeyote anayeingia kwenye ruta anaisoma. Kijana uliyemwajiri akiondoka, ingia BotFather siku hiyohiyo, andika /revoke, uchukue tokeni mpya.