Huduma ya masomo ya mtandaoni wakati shule zimefungwa, nawapa nyota 3

Shule za mjini kwetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kila tukiambiwa zinafunguliwa tarehe inasogezwa mbele, ikafika mahali mimi na mume wangu tunakesha tunapiga hesabu za kuhamia mji ambao watoto wako darasani. Kabla ya kufunga virago tukasema tujaribu hii huduma kwanza. Walimu ni wazuri kwa kweli, mkubwa wangu wa darasa la sita anavyoelewa hesabu za sehemu (kama nusu na robo) sasa hivi hata mimi nashangaa. Ila mdogo, miaka 6, hapana jamani. Anayejifunza kusoma anahitaji mtu wa kumshika kidole amwekee kwenye herufi, siku moja nilimkuta kaegemeza paji la uso kwenye kioo cha simu, mwalimu anamwita na yeye kimya, machozi tu yanamtoka. Halafu intaneti ikiyumba mmekosa nusu kipindi na hakuna rekodi ya kurudia. Wenye watoto wakubwa lipieni, msikimbilie kuhama. Kwa ajili ya yule mdogo sisi tulihama.