Tela la ekseli moja: chesisi naisifu, nyaya hapana

Mimi nakodisha mahema, viti na masufuria ya shughuli hapa Morogoro. Zamani Prado ilibeba viti mpaka juu ya paa, na vitambaa vya meza vikifika ukumbini vinanuka dizeli. Nikachongesha tela kwenye karakana moja ya hapa mjini, na limeshapanda mlima wa Kitonga hadi Iringa likiwa limejaa.

Chesisi, yaani fremu ya chuma, wameiweza. Ekseli, ule mtaimbo wa magurudumu, wameiweka nyuma kidogo ya katikati, kwa hiyo mzigo ukipangwa sawa, pua (ncha ya mbele ya tela) inalalia tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari kwa uzito unaotakiwa. Fundi alikataa kunikabidhi kabla hatujapakia. Akaleta mizani, akaiweka chini ya pua. Tela la kilo 600 lisome kama 60 pale, yaani sehemu moja ya kumi. Wenzangu wanaoweka jenereta mkiani ili iwe rahisi kuishusha, pua yao inanyanyuka, nyuma ya gari inakuwa nyepesi, na spidi ikifika 80 tela linaanza kuyumba kulia na kushoto. Likianza hivyo, usifunge breki wala usishindane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, litatulia. Langu hata basi likinipita kwa fujo linafuata tu.

Mtihani ni kushuka Kitonga. Tela hili halina breki zake, Prado ndiyo inazuia kila kitu, kwa hiyo naingiza gia nzito tangu kileleni na breki naigusa na kuiachia. Ukiagiza ambalo uzito wake pamoja na mzigo utazidi kilo 750, dai lije na breki. Ulaya ndiyo sheria, na huku milima haijapungua.

Sasa nyaya. Wamezifunga kwa solotepu, zikaning'inia, na indiketa ya kushoto ikazimika kabla sijafika Mikumi. Jamani, trafiki wa barabara ile hawalali! Fundi umeme mwingine amezirudia zote, pamoja na plagi ya pini 7. Minyororo ya usalama nayo ilikuwa mirefu, inaburura lami; nimekata pingili na kuipishanisha chini ya pua, ili tela likichomoka pua iangukie hapo na si barabarani.

Chesisi ningewapa tena kesho. Ila ulizeni spea mapema: ringi zake haziingiliani na za Prado, na tairi la akiba nililinunua mwenyewe.