Kisahani cha kuitia bata mzinga: uzoefu wangu wa msimu mzima Missouri

Nilikinunua mwezi Machi, wiki chache kabla ya msimu wa bata mzinga wa porini kufunguliwa hapa Missouri, Marekani, kwa dola 40 hivi. Ni kiduara cha mbao kinachoenea kiganjani: juu kuna bamba la sleti, aina ya jiwe, ndani kimefichwa kioo cha kukuza sauti, na tumboni matundu ya kuitolea. Kinakuja na kijiti cha mbao ngumu. Kijiti kikikwaruza sleti sawasawa, inatoka sauti ya bata mzinga jike. Kikikwaruza ovyo, inatoka sauti ya mlango wa stoo. Kampuni iliyokitengeneza sitaitaja. Vifaa vya namna hii viko chungu nzima madukani na tabia zao hazipishani sana.

Wengi wetu tuliokulia Pwani tunamjua bata mzinga wa kufugwa tu, yule anayevimba uani na kukimbiza watoto. Wa porini ni kiumbe mwingine kabisa. Anaruka, analala juu ya miti, na macho yake yaliyokaa pembeni mwa kichwa yanaona karibu pande zote bila yeye kugeuka. Pua yake si kitu, lakini ukijikuna tu ameshaondoka. Majira ya kuchipua dume huwika alfajiri akiwa bado mtini, na kwa kawaida majike ndio wanaomfuata. Mwindaji anataka mambo yaende kinyume: anakaa chini ya mti, anajifanya jike, anangoja dume amfuate yeye. Sheria ya Missouri hairuhusu sauti za kurekodiwa, kwa hiyo kinachobaki ni mkono wako au mdomo wako.

Mkono una kazi. Kwanza sleti inasuguliwa kwa msasa laini, kuelekea upande mmoja, mpaka ule mng'ao uishe. Kijiti kinakuja kukwaruza kwa kuikata mistari hiyo. Kisahani unakishika kwa ncha za vidole, kiganja kikae mbali na matundu, la sivyo sauti inaziba. Kijiti unakishika kama unavyoshika kalamu, umekiinamisha kidogo, na hakiinuki kwenye sleti: unachora viduara vidogo, kimoja baada ya kingine. Kila kiduara kinaanza na sauti nyembamba, "kii", kinamalizikia kwenye nzito yenye mkwaruzo, "yok". Kii-yok, kii-yok, kii-yok: hapo jike anasalimia. Ukikivuta kijiti polepole huku umekikandamiza, kinanguruma chini kwa chini, ile sauti ya jike aliyetulia anakula. Mke wangu alivumilia jioni moja, kisha akanionyesha mlango wa gereji.

Nimejaribu pia kile kidude cha mdomoni, kipande cha mpira unachokibana kwenye kaakaa na kukipuliza. Faida yake mikono inabaki huru kwa bunduki. Mimi kinanitia kichefuchefu. Kisanduku cha mbao chenye mfuniko wa kusugua ni chepesi kujifunza na kinasikika mbali, ila hakiingii mfukoni, na zile sauti za chini hakizitoi vizuri. Kwa anayeanza, kisahani ndicho chenyewe.

Sasa msimu. Hapa hufunguliwa Jumatatu ya katikati ya Aprili na huchukua wiki tatu. Kibali kinakuruhusu ndege wawili, tena wawe madume au wenye ndevu, ule mshikano wa manyoya magumu unaoning'inia kifuani. Wenye ndevu karibu wote ni madume, ingawa yapo majike machache yanayoziota. Na kama ulizaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967, sharti uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Nawaambia wageni wenzangu: mafunzo hayo si ya kupuuzwa, na utaona sababu.

Siku ya ufunguzi nilikwenda msitu wa taifa wa Mark Twain, kwenye vilima vya Ozarks. Ni ardhi ya umma, huombi ruhusa ya mtu. Gizani nilikuta magari yamejipanga kando ya barabara ya vumbi. Bundi akalia, na dume mmoja bondeni akawika kumjibu, maana alfajiri dume huwikia karibu kila kelele. Nikaita. Ng'ambo ya korongo jike akajibu. Nikaita tena, akajibu tena, na kila nikibadili mwendo naye anabadili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huyo naye ana leseni mfukoni na kisahani mkononi. Wanaume wawili tunatongozana kulipokucha. Dume mwenyewe alishuka mtini na majike wake wa kweli akaenda zake. Hebu fikiria sasa mmoja wetu angekuwa na pupa ya kufyatua. Ndiyo maana mafunzoni wanakataza nguo nyekundu, nyeupe na buluu, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume, na wanasisitiza uegemee mti mpana kuliko mabega yako.

Wiki ile ya kwanza ilikwenda hivyo hivyo. Madume yalikuwa na majike tele, na dume aliyeshiba wake hana haja ya kutembea kilima kizima kumtafuta jike asiyemwona. Hilo si kosa la kisahani, na maelezo kwenye pakiti, yanayoahidi kwamba hakuna dume atakayekataa, yameandikwa na mtu wa mauzo.

Kosa la kisahani lilikuja na mvua, na Aprili ya Missouri ina mvua. Sleti ikilowa, au ncha ya kijiti ikinywa maji, inakuwa bubu kabisa. Hata jasho la kidole linatosha kuacha doa lisilotoa sauti. Hili liko kwa sleti zote, kwa hiyo sikulihesabu sana. Nililolihesabu ni gundi. Baada ya mvua ya pili bamba lilianza kuachia ukingoni, na sauti ikageuka mtetemo wa bati. Niliwaandikia waliouza, wakanijibu kwa adabu kwamba maji hayamo kwenye dhamana. Kifaa cha kuwindia msimu wa mvua, dhamana haijui mvua! Nikakibandika mwenyewe kwa supagluu. Kilipona, lakini ile "kii" ya mwanzo haikurudi kuwa nyembamba kama zamani.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja jirani wa bosi wangu, mwenye shamba si mbali na mto Missouri, aliyeniruhusu niingie kwake. Anasema utotoni mwake bata mzinga alikuwa hadithi tu maeneo yale. Si chumvi: kufikia mwaka 1952 jimbo zima lilikuwa limebakiwa na ndege chini ya 2,500. Idara ya uhifadhi ikawa inawakamata kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti, wengi kutoka eneo la hifadhi la Peck Ranch, na kuwahamishia kaunti nyingine. Mwaka 1960 ulipofunguliwa msimu wa kwanza wa zama hizi, siku tatu tu, waliuawa ndege 94. Mwaka 2004 walipita 60,000. Leo si wengi kama wakati ule, na mzee analalamika kila akipata msikilizaji.

Alinisikia nikifanya mazoezi kwenye gari akanyoosha mkono akakichukua kisahani. Akakwaruza viduara vitatu vyepesi, vya chini, akanirudishia. "Baada ya hapo kikalie," akaniambia.

Basi nikakikalia. Kwenye ardhi ya mtu binafsi siku hizi unawinda hadi jua linapozama, wakati ya umma mwisho wake ni saa saba mchana, kwa hiyo sikuwa na haraka. Nilikaa chini ya mwaloni pembezoni mwa shamba, saa nne asubuhi hivi, saa ambayo majike huwa yameshatoroka kwenda kutaga na dume amebaki peke yake. Nikaita mara moja, nikakisukuma kisahani chini ya paja. Kimya kirefu. Kupe mmoja alikuwa anapanda kifundo cha mkono wangu na sikuweza kumfanya lolote.

Kabla ya kumwona nilimsikia, si kwa kuwika. Dume anapojitanua hutoa mngurumo mzito wa ngoma ambao unaupata kifuani kabla masikio hayajaamua ni nini. Kisha mkia ukachomoza nyuma ya nyasi, umefunguka duara kamili, manyoya yote urefu mmoja. Pora manyoya yake ya katikati hupita mengine, kwa hiyo nikajua huyu ni mkubwa. Utosi mweupe, mashavu ya buluu, shingo nyekundu, na ile nyama laini ya juu ya mdomo imening'inia mpaka chini. Alisimama yadi 30, akakunja mkia, akanyoosha shingo kumtafuta jike. Nikasema Bismillah nikafyatua shotigani. Nilipomfikia alikuwa bado na uhai, nikamchinja. Kipi cha mguuni kilikuwa kirefu na chenye ncha. Mzee alikigusa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kabla ya saa nne usiku nikamsajili kwa simu kama sheria inavyotaka.

Ndege wa pili sikumpata. Kisahani kiliniletea mapora wawili wasio na ndevu za maana, nikawaacha, na asubuhi moja kikaniletea koyote, mbwa mwitu mdogo wa huku, aliyenyemelea kutoka nyuma mpaka nikasikia anavyopumua. Kama ni kipimo cha uhalisia wa sauti, nadhani hicho kinatosha.

Kuhusu kupe, nyunyizeni nguo dawa ya permethrin kabla, siyo ngozi. Huku kuna kupe jike mwenye doa jeupe mgongoni; kuumwa naye kunaweza kukuletea mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na wanyama wengine wanaonyonyesha. Kwa mtu wa nyama choma hiyo ni adhabu nzito. Ndege hawamo, kwa hiyo bata mzinga ungeendelea kula.

Na huliwa vizuri. Kidari nilikikata vipande vyembamba, nikakiloweka kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, nikakikaanga haraka. Mapaja ni mishipa mitupu, usijaribu kuyachoma. Yalichemka nusu siku kwenye mchuzi wa nazi ndipo yakakubali.

Nakipa nyota nne. Ingekuwa tano kama gundi ingestahimili. Mwenye pesa ya kifaa kimoja anunue hiki, pamoja na kipande cha msasa na mfuko wa plastiki wa kukifungia mvua ikianza. Mwenye nafasi ya viwili aongeze kisahani cha kioo au cha alumini chenye kijiti cha kaboni, kwa kuwa hicho huendelea kulia hata kikiwa kimelowa. Bei ni ile ile, na kinafaa zaidi siku za upepo. Ila kabla ya kulipa, kiguse bamba ukingoni kwa ukucha. Kama linacheza, rudisha rafuni uchukue kingine.