Lenzi ya Nikon 200-500mm kwa Furukombe na Ndege za Jeti: Uzoefu Wangu

Niseme mapema ninachokiamini. Kama unataka kupiga picha za ndege wa porini wakiwa hewani, na pia ndege za jeti zinapopita juu ya vichwa vya watu sikukuu za kitaifa, na huna uwezo wa kununua lenzi ya zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya, Nikon AF-S 200-500mm f/5.6E itakutosha. Mimi naitumia na kamera ya Nikon D500. Vyote viwili nilivinunua mkononi mwa watu, na ndivyo ninavyofanyia kazi hadi leo.

Lenzi hii ilitoka mwaka 2015 kwa bei ya takriban dola 1,400 za Marekani. D500 ikafuata mwaka 2016. Kamera hiyo haitengenezwi tena, na wapiga picha wengi wamehamia kamera zisizo na kioo cha ndani, kwa hiyo vifaa hivi vinauzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida wa Nairobi au Arusha anaweza kujipanga nayo. Bado vinafanya kazi: D500 inapiga picha 10 kwa sekunde, na pointi zake 153 za fokasi zimetanda karibu upana wote wa kioo cha kuchungulia. Ndege akikuponyoka katikati ya fremu, pembeni bado kuna pointi ya kumdaka.

Mnunuzi huuliza kwanza lenzi inavuta umbali gani. Kwenye D500, ambayo sensa yake ni ndogo kuliko fremu kamili, 500mm inakuonyesha eneo lile lile ambalo 750mm ingekuonyesha kwenye kamera ya fremu kamili. Ila namba hiyo peke yake haikusaidii ukiwa uwanjani, kwa hiyo nitaieleza ninavyoitumia mimi. Kwa 500mm, kitu kilicho mita 30 mbele yako kinaonekana ndani ya fremu yenye upana wa takriban mita 1.4. Kikiwa mita 50, fremu inafika mita 2.35. Furukombe, yaani tai mla samaki, akikunjua mabawa anafikia mita 2 na zaidi. Maana yake akikupitia mita 30 tu, ncha za mabawa zinakatika! Umbali mzuri wa furukombe kwa lenzi hii ni kuanzia mita 50 hivi. F-5 ya Jeshi la Anga la Kenya ina urefu wa mita 14 na nusu, nayo inajaza fremu ikiwa kama mita 300 kutoka ulipo. Mdiria mweusi na mweupe, mwenye urefu wa sentimita 25, unamtaka mita 10 au chini ya hapo. Ukishazizoea hesabu hizi, unajua usimame wapi na uvute kiasi gani kabla kitu chenyewe hakijafika.

Naivasha ndiko nilikoielewa lenzi hii vizuri. Ziwa lina furukombe wengi, wanakaa juu ya miti mikavu iliyozama majini, na mashua zinafika karibu nao bila kuwashtua. Wenye mashua wana desturi ya kupiga mluzi na kurusha samaki aliyejazwa mafunjo tumboni ili aelee, furukombe ashuke kumnyakua. Picha inapatikana, wala siwalaumu wanaoitafuta hivyo. Mimi huomba tusirushe. Namtaka ndege anayewinda mwenyewe, kwa sababu anaposhuka kwa hesabu yake anapinda mwili na kufungua makucha kwa namna ambayo sijaiona kwa anayefuata samaki wa bure.

Kijana anayenipeleka mara nyingi aliwahi kunifundisha kitu kikubwa kuliko vyote nilivyosoma. Furukombe alikuwa ametulia juu ya kisiki, nami nilikuwa nimeteremsha kamera kupumzisha mkono. "Dada, inua, huyo anaondoka." Nikamuuliza amejuaje. "Ameshainama mbele, na ametoa kinyesi. Sasa hivi anaruka." Kabla sijajibu ndege alikuwa hewani. Tangu hapo simwangalii jicho, naangalia anavyobadilisha mkao, na kidole kinakuwa tayari kwenye AF-ON, kitufe cha kuanzisha fokasi.

Kuna jambo moja linalowaunganisha ndege wa ziwani na zile za kiwandani: wote huruka na kutua wakiukabili upepo. Ukisimama upepo ukiwa mgongoni mwako, furukombe atajirusha akikuelekea, na ndege ya abiria itatua ikikuonyesha pua. Ukikosea upande, utarudi nyumbani na mikia. Naivasha asubuhi hakuna upepo mwingi, maji yametulia, na jua liko chini. Mchana upepo unaamka, mashua inayumba, na kazi inakuwa ngumu maradufu. Kwa hiyo natoka alfajiri, nikiwa na jua na upepo mgongoni kila inapowezekana, na nawaomba wenye mashua wajipange hivyo kabla ya kufika kwenye mti.

Sasa mipangilio. Kwa furukombe natumia kasi ya shata ya sekunde 1/2000 hadi 1/2500, tundu la lenzi la f/5.6 au f/6.3, na ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, naiachia kamera iamue, ila naiwekea kikomo. Mdiria ni habari nyingine kabisa. Anapopigapiga mabawa mahali pamoja juu ya maji akitafuta samaki, kichwa chake kinasimama tuli huku mabawa yakienda mbio. Kwa 1/1600 unapata jicho kali na ncha za mabawa zilizofutika kidogo. Mimi naipenda picha hiyo, inaonyesha kazi anayoifanya. Ukitaka kila unyoya uonekane, panda hadi 1/3200. Na ukiwa na picha kali, angalia kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja ambao mara nyingi umekatika katikati.

Mwanga wa furukombe unahitaji uangalifu. Kichwa na kifua ni vyeupe, mwili ni kahawia na mweusi. Nyuma yake pakiwa na miti ya giza, kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na kile cheupe kinaungua, hakirudi tena hata kwenye kompyuta. Hapo, kwenye fidia ya mwanga ya kamera, napunguza kwa hatua 0.7. Akipanda juu na nyuma yake pakawa anga jeupe, naongeza hadi +1. Kubadilisha hivyo ndani ya sekunde moja kunahitaji kidole gumba kilichozoea, na mazoezi ya bure ni mwewe na kunguru wa mtaani. Wapo kila siku, na wanaruka vizuri sana.

Jeti ni kazi nyepesi kwa fokasi na ngumu kwa muda. Tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, F-5 zikipita juu ya Nairobi una sekunde chache tu. Mzunguko wa kuvuta wa lenzi hii ni mrefu. Kutoka 200 hadi 500 mkono mmoja hautoshi kwa mzungusho mmoja, lazima uachie na ushike tena. Kwa jeti inayokuja mbio hilo haliwezekani. Ninachofanya ni kuchagua mahali kwenye kipimo kabla hazijafika, mara nyingi kati ya 300 na 350, na hapo sigusi tena. Zikija tatu pamoja zinaingia zote, ikija moja nakata baadaye. Megapikseli 20.9 zinaruhusu kukata bila picha kuharibika.

Tatizo la anga tupu ni kwamba fokasi haina pa kushika, na lenzi ikipotea inaanza kusafiri kutoka karibu hadi mbali na kurudi. Jeti itakuwa imeshapita. Dawa yake ni mbili. Kwanza, swichi ya pembeni iweke kwenye ∞-6m, ili lenzi isitafute vitu vya karibu. Pili, kabla hujasikia ngurumo, shika fokasi kwenye jengo refu lililo mbali au mnara wa simu, kisha achia kitufe. Lenzi inabaki pale pale, na jeti ikitokea inahitaji kusogea kidogo tu. Natumia kundi la pointi tano badala ya pointi moja, na kwa 1/1600 jeti inatoka kali. Tumbo la jeti ni la kijivu na anga la mchana linang'aa, kwa hiyo +1 ni lazima, la sivyo unapata kivuli chenye mabawa.

Ndege za panga, hapo ndipo wengi wanaharibu picha nzuri. Cessna Caravan inayoruka kutoka uwanja wa Wilson wa Nairobi kwenda viwanja vya Maasai Mara kama Ol Kiombo ina panga linalozunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Kwa 1/2000 panga linageuka nyuzi zisizofika 6, kwa hiyo linaonekana limesimama, na ndege inaonekana imezimika hewani. Kwa 1/200 linageuka nyuzi 57. Caravan ina panga la mbawa tatu, kila moja iko nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake, basi karibu nusu ya nafasi inajaa mwendo. Kwa 1/100 unapata duara karibu kamili. Mimi huanzia 1/200, nikishapata picha salama nashuka. Helikopta nazo nazipiga kwa kasi hizo hizo.

Kwa kasi hizo kidhibiti cha mtikisiko ndicho kinachokuokoa. Nikon wanasema kinasaidia hadi hatua 4.5, nacho kina hali mbili, Normal na Sport. Kwa kitu kinachokimbia weka Sport. Picha ndani ya kioo cha kuchungulia haivutwivutwi unapofuatisha, na unaweza kugeuza kiuno polepole pamoja na ndege tangu inapoachana na vumbi la kiwanja. Kwa 1/2000 na kuendelea mimi nakizima kabisa.

Kuhusu vumbi: lenzi hii inarefuka unapovuta. Kwenye viwanja vya murram na barabara za Amboseli naifunika kwa kitambaa cha leso hadi dakika ya kupiga, na sibadilishi lenzi nje ya gari. Uzito ni kilo 2.3 pamoja na mguu wake, ukiongeza kamera unapita kilo 3. Mkanda nafunga kwenye mguu wa lenzi, sifungi kwenye kamera. Viwiko viwe vimebana mbavuni, mkono wa kushoto uende mbele karibu na mdomo wa lenzi. Ndani ya gari naweka mfuko wa maharagwe dirishani na kulaza lenzi juu yake. Kwa kazi ya mbugani, huo unashinda stendi ya miguu mitatu.

Aliye na pesa zaidi atazame 500mm f/5.6E PF ya mwaka 2018. Ni gramu 1,460 tu, na inashika fokasi haraka zaidi. Haivuti wala hairudi, hiyo ndiyo gharama yake, na kwa jeti zinazopita juu yako nafasi hiyo ya kurudi hadi 200 ina maana kubwa. Lenzi za 150-600 za Sigma na Tamron zinafika mbali zaidi, lakini mwishoni zinabana hadi f/6.3. Saa kumi na mbili asubuhi Naivasha, mwanga kidogo huo nauhitaji.

Jambo lingine ambalo hakuna lenzi inayolitatua ni mazigazi. Kuanzia saa tano asubuhi joto linapanda kutoka ardhini, na chochote kilicho mbali karibu na ardhi kinacheza kwenye picha. Usibadilishe mipangilio, usiilaumu fokasi. Piga vilivyo juu angani au subiri jioni.

Na tafadhali, usielekeze lenzi kubwa namna hii kwenye uwanja wa ndege au kambi ya jeshi bila ruhusa. Omba. Kwenye viwanja vidogo vya mbugani, ukiwa abiria unayesubiri ndege yako, wahudumu mara nyingi wanakuonyesha wenyewe mahali salama pa kusimama.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na kamera yako. Herufi E kwenye jina ina maana tundu la lenzi linaendeshwa kwa umeme, na kamera za zamani kama D90 haziwezi kuliendesha. Kamera za Nikon za Z, zile zisizo na kioo cha ndani, zinaikubali kwa kutumia kiunganishi cha FTZ. Ivute taratibu hadi 500 na kuirudisha, usikie kama kuna mahali inakwama. Kisha omba tochi, washa upande mmoja na uchungulie upande wa pili, hasa ikiwa imekaa Mombasa, Tanga au Zanzibar, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo. Ukiona nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni, hata zikiwa ndogo, mrudishie mwenyewe lenzi yake.