Kabla hujanunua Ulysses, omba picha ya mwisho wa sura ya 17

Mwezi uliopita nilitoa Sh 45,000 kununua Ulysses, riwaya ya James Joyce, mbali na nauli ya mzigo kutoka Dar hadi hapa Dodoma. Ilifika imefungwa nailoni, juu imeandikwa "toleo kamili". Haikuwa kamili.

Jalada na ukubwa wa herufi mtajionea wenyewe. Mimi naangalia kitone. Sura ya 17 yote ni maswali na majibu, makavu kama ya mtihani, na ukavu huo ndio unaovunja mbavu. Bloom, mhusika mkuu, amezunguka Dublin tangu asubuhi ya tarehe 16 Juni 1904, sasa usingizi unamchukua. Swali la mwisho ni neno moja: wapi? Jibu ni kitone cheusi, basi. Kuna matoleo yaliyokiacha. Kwenye nakala yangu, chini ya swali pako peupe. Nilipapasa ukurasa kwa kidole, nikauinua dirishani kwenye mwanga. Hakuna kitu. Mamia ya kurasa nimezivumilia, halafu mchapaji ananinyima jibu!

Kwa hiyo namba moja kwangu ni toleo la mhariri Hans Walter Gabler, lililotoka 1984. La jalada jepesi ni la Vintage. Kitone kipo, kinene. Tena mistari ina namba kwa kila sura, kwa hiyo tukikaa kusoma pamoja Nyerere Square hatupotezani pale Bloom anapounguza figo ya kifungua kinywa. Wasomi wamegombana sana juu ya masahihisho yake. Mimi niko upande wa Gabler.

La pili ni Oxford World's Classics: matini ya 1922, kama mchapishaji wake wa kwanza, Sylvia Beach, alivyoitoa Paris, pamoja na maelezo ya Jeri Johnson. Anayesoma peke yake atayahitaji sana.

Ya bei rahisi, kama Wordsworth, kagua kitone kwanza. Yasiyo na jina la mchapishaji achana nayo.

Muuzaji wangu nilimpigia. Akasema mali ikishauzwa hairudi, na kitone si kasoro. Ndugu zangu wauza vitabu, sisi wa mikoani tunalipa kabla ya kushika kitabu. Kutoa nailoni na kupiga picha ukurasa mmoja mtume kwa WhatsApp ni kazi ya dakika mbili. Kwa nini mnakataa?